Zamu ya usiku: nge na mijusi kwenye miombo ya Lubumbashi

Saa 9 alasiri. Usiku huu tunaangalia nge anavyokula na kuandika tunachoona. Betri zinatolewa kwenye chaji. Tochi ya urujuanimno (UV) ya nanomita 395 inatosha. Ya 365 huonyesha nge vizuri zaidi, ila bei yake iko juu. Buti za mpira, koleo la sentimita 30, rula.

Saa 11. Mashimo husomwa kabla giza halijaingia. La panya ni duara. La nge mkubwa mchimbaji ni bapa, juu limepinda kama mwezi mchanga. Kidole hakiingizwi. Mchoma makala (mkaa) anasimamisha baiskeli, anauliza agusaje magogo yaliyolala. "Papa, vuta ukingo wa mbali uje kwako, gogo libaki kati yako na nge."

Saa 1 usiku. Nge anang'aa kijani cha samawati, isipokuwa aliyejivua gamba karibuni. Tochi huwashwa sekunde 2 au 3 tu, kisha mwanga mwekundu. Ukimmulika mfululizo anarudi shimoni na usiku umeharibika.

Saa 2. Amekaa mlangoni, magando wazi. Macho yake ni dhaifu. Miguu ndiyo inayosikia mtikisiko wa ardhi, kwa hiyo nasi hatusogei. Mjusi mdogo anapita karibu. Gando moja linabana kiuno, la pili shingo. Mwenye magando manene mara nyingi humaliza kwa kubana tu. Mjusi akifurukuta sana, mkia unapinda juu ya mgongo na mwiba unatafuta ngozi laini ya tumbo. Mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi na binadamu.

Mlo wake mkuu ni wadudu. Mjusi, chura au kinda la panya ni bahati, ndiyo maana kosa la kuandika "amewinda" linaumiza kazi. Nge hula hata mzoga. Kama hukuona mguu wa mjusi ukitikisika, andika "anakula", basi.

Saa 5. Bado anakula, kuanzia kichwani. Vijitaya vinasaga, majimaji ya tumboni yanatemwa juu ya nyama hadi ilainike, kisha anafyonza. Siafu wakifika anaacha kila kitu.

Saa 8. Kimebaki kidonge cha ngozi, magamba na vifupa. Kinaingia kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, maana humo huota ukungu.