Mwambie aliyepima

Jamani kuna kauli imenikwama tangu Jumapili, na nisipoiandika hapa ntaishia kuisema mbele ya mtu asiyehusika, jana nusura nimsimulie dereva wa bajaji.

Mnalijua lile karavani letu, lile tela la kulala watu. Lile lile ambalo Baba Nuru alilinunua kwa wale wazee wa Kijerumani waliochoka kuzunguka wakaamua kurudi kwao kwa ndege, nikanuna, na wengine wenu mkaniambia nizidi kununa. Basi limeshatengenezwa paa na limeshafika Msimbati, shemeji katupa kona kwenye kiwanja chake chini ya minazi, wageni wa wikiendi walale humo walipe. Wiki hii pia mdogo wangu kajifungua mapacha, wote salama, na pale ghalani tumeletewa bosi mpya anayetaka ripoti ya mizani kila jioni, ila hayo siku nyingine.

Jumapili baba mkwe kaja kuliona. Kapanda, kakaa kwenye kile kiti cha pembeni, kimya. Akamwomba Nuru gololi. Akaiweka katikati ya meza akatoa kidole, gololi ikatulia. Akaisogeza mpaka ukingoni upande wa friji, ikatulia. Ndo akamgeukia mwanawe.

"Nani kapima?"

"Mama Nuru."

Mimi niko pale pale mlangoni na sinia la chai, hata shati lake naweza kuligusa. Mzee kakaa kidogo, halafu bado anamtazama mwanawe akasema, "Mwambie aliyepima aje anipimie na kibaraza changu."

Akapokea chai, wakaanza habari za mnada wa korosho.

Sasa nisaidieni. Ile ni sifa au ni kijembe? Maana mzee si mtu wa hivi hivi, ni fundi muashi, nyumba alizosimamisha kuanzia Chuno mpaka Mikindani mwenyewe hazijui idadi, na mtu kama huyo kumwambia karani wa mizani akampimie kibaraza, mh. Ile ya kunipitishia kwa mwanawe sina neno nayo, ndivyo alivyo, mkwe haongei na mkwe uso kwa uso kila saa. Ni ile sauti. Hakucheka. Angecheka ningejua ni utani, angenuna ningejua kakasirika. Kasema tu, kama anaagiza sukari.

Na mimi lile karavani nimelitolea jasho. Shemeji aliniuliza kwani mtu hawezi kulala kitanda kikiinama kidogo, nikamwambia mtu anaweza, friji ndo haliwezi. Lile friji halina kompresa, ni la gesi, ndani kuna amonia na maji, moto unachemsha kwa chini, mvuke unapanda, unapoa, unarudi kwa kuteremka wenyewe kwenye mabomba, hakuna pampu ya kuusukuma. Likikaa upande, yale maji yanatuama yasipotakiwa na moto unaendelea kuchoma bomba lisilo na kitu, na likishaungua hivyo huku kwetu hakuna fundi wa kulifungua akalirudisha, unanunua jingine. Kitabu chake kinasema kushoto na kulia lisizidi nyuzi 3. Nikapiga hesabu, tairi na tairi ni kama mita 2, kwa hiyo kila nyuzi 1 ni sentimita 3 na nusu. Yaani tairi moja ikizama sentimita 10 umeshafika mwisho. Na Msimbati mnaijua, pale mchanga ndo mwenye mji.

Baba Nuru yeye alivipenda vile vitalu vya plastiki vya kupachikana, kaviona kwenye simu usiku kucha, kila kimoja kinanyanyua kama sentimita 2 na nusu, unavipanga unapandisha tairi juu. Kwenye sementi sawa. Kwenye mchanga kimoja kinazama mwenzake anabaki juu, tena ukikosea hesabu inabidi ushuke, upange upya, upande tena, na dereva mwenyewe ni Baba Nuru ambaye subira yake mnaifahamu. Mimi nikataka ile kabari iliyopinda kama ndizi. Hiyo huhesabu kitu, gari inavuta taratibu, tairi inapanda kidogo kidogo, mtu kasimama ndani anaangalia pima maji, kiputo kikifika katikati anapiga kelele "hapo hapo!", unasindika kakabari kadogo kwa nyuma basi. Kuagiza nje na ushuru wake ni kujitakia, tukaenda kwa seremala Ligula akatuchongea ya mkongo, upande mnene kabisa sentimita 10, na vibao viwili vipana vya kulaza chini ili isitafune mchanga. Nzito kama nini, lakini haikatiki.

Halafu ule ubishi wa simu. Baba Nuru anaamini ile programu ya simu ya kupimia, anailaza mezani inamwambia sifuri anafurahi. Simu yenyewe kamera imetokeza mgongoni, kava limevimba, itakaaje sawa? Nikachukua pima maji ya kawaida ya fundi. Na hiyo nayo siiamini mpaka niigeuze. Unailaza, unaangalia kiputo kilipokaa, unaigeuza kichwa kije miguuni pale pale, kiputo kikisoma vile vile pima ni nzima, kikihama imeshadondoshwa hiyo, itakudanganya mwaka mzima. Kazini mizani tunaijaribu kwa mawe kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza, sasa niache kujaribu kipande cha alumini?

Tukaanza kushoto na kulia, tela bado limeshikwa na gari, maana likishaachiwa hulipandishi tena popote. Lilipokaa sawa tukazitia kabari tairi zote mbili mbele na nyuma, hapo ndo gari ikatoka. Kisha mbele na nyuma, hiyo rahisi, lile gurudumu dogo la mbele unazungusha mkono linapanda au linashuka. Mwisho ile miguu minne ya pembeni, na hapa tulikaribia kugombana kweli, kwa sababu Baba Nuru alitaka aitumie kunyanyulia. Nikamwambia Baba Nuru, hiyo si jeki, hiyo ni ya kuzuia lisitikisike mtu akitembea ndani, unaishusha ikagusa kibao ukaikaza kidogo basi, ukiinyanyulia unapinda chasisi na mlango hautafunga tena. Kanyamaza. Baada ya muda nikamsikia anamweleza shemeji maneno yale yale kama yake.

Kwa hiyo nikisikia "mwambie aliyepima" nauliza, mzee aliona nini? Maana yule alifika mapema, Nuru anasema babu alikuwa amekaa kwenye mnazi ulioanguka wakati mimi nageuza pima maji. Aliniona nageuza. Kama aliona, basi fundi mzima anajua kwa nini mtu anageuza pima. Hapo nikawa naelekea kwenye sifa. Halafu nikakumbuka ile sauti, nikarudi kwenye kijembe. Jumatatu kazini nimeandika gunia moja mara mbili kwenye ripoti ya huyo bosi mpya, nikafuta kabla hajaja.

Jana nimeenda Mikindani kumpelekea mama mkwe dawa zake za presha. Sijakaa vizuri ananiuliza, "Mbona umekuja mkono mtupu?" Nikajua anadai samaki. "Pima maji iko wapi? Mwenzio kanunua saruji toka Jumatatu anakusubiri wewe."

Nikageuka, kweli, mifuko miwili imeegemezwa ukutani, na ule mpira wake wa maji anaopimia misingi umekunjwa vizuri juu yake. Kibaraza kile mvua za mwaka huu kimeingiza maji mpaka sebuleni, alama ya tope ipo ukutani. Na kibaraza alikimwaga mwenyewe zamani, kimekaa tu upande mmoja siku hizi, na mzee miguu na magoti hayamruhusu kuinama akasome kiputo. Mama mkwe ananisimulia huku anacheka, eti mzee kawaambia watu kwenye bao mkwe wangu anajua kupima.

Kwenye bao! Mbele ya wazee wote wa Mikindani! Nimerudi Mtwara kwenye daladala natabasamu peke yangu, konda akaniuliza dada vipi.

Ila usiku nikakaa tena nikawaza. Karavani unalitaka sawa kabisa. Kibaraza hakitakiwi kuwa sawa, kibaraza kikiwa sawa maji yanalala hapo hapo, lazima kiinamie nje, sentimita 1 au 2 kila mita, yaani kiputo kikae pembeni kidogo makusudi. Mzee analijua hilo kuliko mtu yeyote. Sasa kanifanyia gololi, gololi ikatulia, halafu ananipeleka kwenye kitu ambacho gololi inatakiwa ibiringike mpaka uwanjani. Ananijaribu? Au kanisahau tu kwamba mimi si muashi? Nimemwambia Baba Nuru Jumamosi twende wote, mimi nipime yeye akoroge, na mpira wa maji ntautumia ule ule wa mzee, sibebi pima yangu, nimshikishe mwenyewe upande mmoja aone.

Mwingine, Nuru jino la chini limeota jipya nyuma ya la zamani, na la zamani halijatikisika hata kidogo, yako mawili yamepangana. Kuna aliyepitia hii na mwanawe, au nimpeleke hospitali ya Ligula Jumatatu waling'oe?