Mbao zilizopigiwa magoti

Kabla sijasafiri kwenda kuhiji Ufilipino nilishapatana na kamati ya kigango chetu, huku Kibosho, Moshi. Nikirudi nitang'oa mbao zote za kupigia magoti kwenye mabenchi ishirini na mawili, niweke mpya za mkangazi, nizipige randa, msasa na vanishi mpaka mtu ajione uso. Nusu ya mbao nilishanunua. Ziko kwenye karakana yangu Pasua, nimezipanga kwa vijiti katikati zipate hewa.

Tulikuwa mahujaji kumi na wanne, wengi ni akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na tulikuwa tumechanga kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Tuliondoka uwanja wa ndege wa KIA, Kilimanjaro, kupitia Addis Ababa, tukashuka Manila usiku. Joto la Mei kule halina adabu. Mimi ni mtu wa migombani, asubuhi nimezoea sweta. Alitupokea sista mmoja Mfilipino ambaye aliwahi kufanya utume huku kwetu, na Kiswahili chake hakijachuja hata kidogo. Akatueleza kwamba Alhamisi Kuu watu wa kwao hutembelea makanisa saba, wakiabudu na kusali Njia ya Msalaba. Wanaita Visita Iglesia. Sisi tulifika Pasaka imeshapita, lakini tukakubaliana tuyapitie saba yale yale kwa siku mbili.

Kitu cha kwanza kilichonigusa hakikuwa kanisa. Kijana mmoja mlangoni alimshika mkono mama yetu mkubwa kuliko wote, akainama, akauweka mkono huo kwenye paji la uso wake, "Mano po." Mama hakuhitaji mkalimani. Akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Kanisa Kuu la Manila tulisali Misa ya asubuhi. Jengo lililopo lilifunguliwa 1958, maana lile la kabla yake lilibomolewa na vita mwaka 1945. Hatua chache tu kutoka hapo, ndani ya ngome ya zamani ya Intramuros, kuna San Agustin. Hilo lilimalizika 1607, na ndilo kanisa pekee ndani ya ngome lililobaki limesimama baada ya vita hiyo.

Hapo San Agustin nilisimama shingo juu hadi ikaniuma. Dari yote imejaa maua, majani na fremu, kama imechongwa kwa patasi ndogo na mtu asiye na haraka. Nikawaambia wenzangu, huyu fundi ni wa kumvulia kofia, tazameni kina cha ua lile. Sista akaniambia, "Fundi, hiyo ni rangi." Nikabisha. Miaka thelathini na moja ninashika patasi, mimi najua kivuli cha mchongo. Nikahama kushoto, nikahama kulia, na kivuli hakikuhama na mimi. Ni rangi kweli, dari haina mchongo, imepakwa na mafundi wawili wa Kiitaliano, Alberoni na Dibella, mwaka 1875. Nilipiga ishara ya msalaba. Mtu aliyeweza kufanya hivyo alikuwa anasali kwa mkono wake, sioni namna nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Kanisa la Binondo tulimwombea kila mtu wa nyumbani kwa Mt. Lorenzo Ruiz, Mfilipino wa kwanza kutangazwa mtakatifu, mwaka 1987. San Sebastian ni kanisa la chuma, lilimalizika 1891. Waliamua chuma kwa sababu makanisa yaliyotangulia pale yaliangushwa na moto na matetemeko, basi vyuma vikatengenezwa Ubelgiji vikaletwa kwa meli. Ndani limepakwa rangi lifanane na marmar. Kutu sasa inalila. Nilipapasa nguzo moja nikaona huruma.

Halafu kanisa la Quiapo. Nje wanauza mishumaa ya rangi rangi, maua ya sampaguita yaliyotungwa kama shanga, dawa za mizizi, na ndani watu wamebanana. Wengine wanakwenda kwa magoti kutoka mlangoni hadi mbele. Sanamu ni ya Yesu Mnazareti amebeba msalaba, goti moja chini, mti mweusi. Ililetwa kutoka Mexico mwaka 1606. Kila tarehe 9 Januari huandamana nayo umati usiohesabika. Siku ya kawaida unapanga foleni nyuma ya altare, unapanda ngazi, unaugusa mguu kwa leso yako.

Mama yetu yule mkubwa akaniambia, "Fundi, nishike, magoti hayanipandishi." Nikamshika. Alifuta mguu ule kwa kitambaa cha kichwa, pole pole, kama anamwogesha mtoto, akitaja majina ya wajukuu mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliweka kiganja. Mimi mti naujua kwa kiganja kuliko kwa macho. Ulainifu ule msasa hauutoi. Msasa unaacha mti mkavu, unausikia umekwanguliwa. Ule ulikuwa mlaini kama mpini wa jembe la bibi.

Kesho yake Las Piñas, parokia ya Mt. Yosefu, msimamizi wa sisi maseremala. Kuna kinanda cha mianzi alichokijenga padre mmoja, Diego Cera, kikakamilika 1824. Kina filimbi 1,031, na 902 kati yake ni mianzi. Mianzi hiyo aliifukia kwanza kwenye mchanga wa ufukweni ili dumuzi wasiipate. Kilipopigwa sauti ilikuja tamu, yenye pumzi ndani, nikalia bila kuona aibu. Ya saba ilikuwa Diliman, kanisa la mviringo la mwaka 1955 la msanifu Leandro Locsin: kuba moja la zege, altare katikati, halina kuta za kulifunga, upepo unapita. Unaposali unatazamana na mwenzako wa upande wa pili.

Nimerudi wiki ya pili sasa. Jumapili baada ya Misa nilibaki kanisani nikapiga magoti chini, nikapitisha kiganja kwenye ubao wa benchi la tatu, upande wa akina mama. Una mabonde mawili, karibu karibu. Marehemu mama yangu alikaa hapo hapo tangu sijaanza Komunyo. Nikaenda benchi la nne, la tano. Yote yana mabonde.

Nilimwambia mwenyekiti siwezi kuziondoa. Aliguna, akauliza na hela ya mbao je? Nikamwambia mkangazi nitautumia kwenye migongo na miguu, huko ndiko mchwa wamekula. Alikwenda mwenyewe kupapasa ule ubao. Akakaa kimya kidogo, kisha akanionyesha bonde la mzee wake.

Jumamosi naanza na miguu.