Kwetu ni pale juu

Siku ya nne hii swali langu mwenyewe linanirudia usiku.

Jumatano nilikwenda Makoroboi, hapa hapa mjini Mwanza, kuchukua kitambaa cha sare ya harusi ya Kulwa. Niliingia lile duka ambalo baba alikuwa akitupeleka kila pamba ikishalipwa. Mzee ni yule yule, kapungua mwili tu, na mita yake ya mbao imelika ncha kwa kugongwa kaunta miaka yote hiyo. Kabla sijafungua mdomo akanisalimu: "Mwangaluka, mayu." Kisukuma kilichonyooka kuliko changu. Nikamjibu shikamoo, kisha, sijui nilisukumwa na nini, nikauliza, "Mzee, hivi kwenu hasa ni wapi?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimalizia kupima mita ya nne, akashika mkasi, akaelekeza kidole darini.

"Kwetu ni pale juu. Nimezaliwa chumba cha mbele." Akakata. "Na wewe mama, kwenu wapi?"

"Magu."

"Umezaliwa Magu?"

"Hapana. Nimezaliwa Bugando, nimekulia Mabatini."

"Ahaa," akasema, akaniandikia risiti.

Hiyo "ahaa" ndiyo inayoninyima usingizi. Wiki yenyewe ilijaa mambo: mahari imepokelewa, bosi mpya ameripoti, na Jumamosi tulivuka daraja la Kigongo kwenda kwa wakwe Sengerema bila kusubiri kivuko. Lakini akili yangu ilibaki kaunta.

Maana nimewapitia wote ninaowajua. Mama mwenye nyumba wetu kwao Ukerewe. Fundi cherehani kwao Musoma. Muuza ndizi kwao Bukoba, vijana wa bodaboda pale kijiweni kwao Geita na Misungwi. Tunazalia hapa, tunajenga juu ya miamba ambayo hata mbuzi angeiogopa, tunazeeka hapa, na bado mtu akiulizwa kwao anataja kwingine. Baba alituambia babu wa yule mzee aliingia Mwanza kabla reli ya Tabora haijafika, na reli ilifika 1928. Katika watu wote hao, yeye peke yake ndiye aliyejibu "hapa". Na mimi ndiye niliyemuuliza kama mgeni.

Jana nilirudi, nikasingizia uzi. Safari hii nilimuwahi mimi: "Mwangaluka, baba."

Aliweka kalamu chini. "Mhola?"

"Mhola."

Akacheka mpaka akafuta miwani. Kisha akanionyesha ngazi ya mlangoni, ile ya saruji yenye ufa, akasema baba akishanunua alikuwa anakaa pale na soda yake, wakibishana bei ya pamba kwa Kisukuma mpaka adhana ya adhuhuri. Baba hakuwahi kutusimulia hilo. Nimeishi na baba miaka ishirini na sita, na kuna asubuhi zake nzima zilikuwa zimehifadhiwa kwa mtu mwingine, Makoroboi. Nilikaa kidogo kwenye ile ngazi kabla ya kuondoka. Ilikuwa na joto la jua.

Sasa ni saa moja na nusu. Doto alisema angepanda meli ya mchana kutoka Nansio. Ziwa limechafuka tangu saa tisa, simu yake haipatikani, na mama, ambaye tangu MV Bukoba izame Mei 1996 upepo ukivuma hawezi kukaa ndani, amesimama mlangoni na khanga mabegani.