Meza ya Kanali

Kitinda mimba wangu alikuwa anafanya homuweki kwenye ile meza ya mninga, mara akaacha kuandika akaanza kupapasa pembe. "Mama, kwa nini meza imevalishwa viatu huku juu?" Alikuwa anasema vile vibati vya shaba. Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya ngazi, malori na watu wenye haraka. Hakuridhika. Mimi pia sikuridhika, ndiyo maana leo naiacha ile habari ya bei za mbao niliyowaahidi.

Ilikuwa 2009, mjomba bado ana karakana yake ya useremala Pasua, hapa Moshi. Mimi nina cheti cha VETA, najua kuchora kuliko kupiga randa, na mjomba hapitishi siku bila kunikumbusha. Akaja mzee mmoja wa Kibosho, kanali mstaafu, na kifurushi cha turubai kwapani. Akakifungua sakafuni, zikatoka fito za mbao, mikanda ya ngozi na vipande vya turubai. Kabla mjomba hajamaliza kuuliza, "Ni nini hiki, afande?" tayari kilikuwa kiti.

Alikipata India, alikokwenda kozi enzi zake. Kinaitwa Roorkhee, kwa jina la mji wa Roorkee, kaskazini mwa nchi hiyo, walikokuwa wahandisi wa jeshi la Mwingereza, na muundo wake ni wa miaka ya 1890 kuelekea mwisho. Mjomba alikitikisa, kikayumba mikononi mwake.

"Afande, hiki hakijapigwa gundi."

"Hakina gundi, hakina msumari. Ncha za fito zimechongwa zikawa nyembamba, zinaingia kwenye matundu, basi. Mikanda na uzito wako ndivyo vinavyozibana."

Akakitoa nje, akakiweka juu ya kokoto na vipande vya mbao, akakaa. Kila mguu ukatafuta pake pa kukanyaga. Mjomba, ambaye maisha yake yote alikuwa akipigania viungo visicheze, alinyamaza.

Kanali alitaka meza ya kukaa na kiti kile. Meza ya ofisa wa porini. Ibebwe na mtu mmoja. Isiwe na kitu kinachochomoka, kwa sababu kinachochomoka kinapotea. Ifunguke gizani. Na karatasi isilowe. Hilo la mwisho alilieleza kwa maneno machache: Machi 1979, vita vya Kagera, Lukaya huko Uganda, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala, yeye luteni, mvua, anaandika majina ya askari wake juu ya sanduku la risasi alilolipakata. "Wino ukilowa, binti, jina linaondoka." Kisha akauliza bei.

Mjomba katika yote hayo alisikia neno moja tu, ofisa. Monduli hapo jirani kuna chuo cha kijeshi, kila ofisa na meza yake. Hesabu zilianza kumtembea kichwani. Kesho yake alikwenda kukopa mbao za mninga za kutosha meza ishirini.

Mimi nilibaki na miguu. Ya kiti inaweza kucheza kwa kuwa anayekaa anaibana kwa uzito wake. Meza haikaliwi, ikicheza inamwaga chai. Na miguu minne migumu kwenye ardhi ya porini maana yake mmoja uko hewani. Nikasema iwe mitatu. "Hiyo siyo meza, ni kigoda," mjomba akasema, na kweli wazo nilikuwa nimelitoa kwenye kigoda cha bibi, kinachokaa popote kwenye mteremko wa kihamba, shamba la nyumbani, na hakijawahi kuwekewa gunzi chini ya mguu. Ila miguu mitatu nayo ina lake: ukiegemea nje ya pembetatu, meza inapinduka. Kwa hiyo miwili ikakaa mbele, chini ya viwiko vya anayeandika, na mmoja nyuma, katikati. Pembe mbili za nyuma zikabaki hazina kitu chini yake.

"Na taa ataiweka wapi?" mjomba akauliza, akijua amenishika. Tulipompelekea Kanali swali hilo, alicheka. Porini, alisema, huwashi taa mezani ikakumulika uso.

Juu palikuwa na boksi la kina kifupi, sentimita 80 kwa 55, kwa mtindo wa dawati la shule: mfuniko ndiyo sehemu ya kuandikia, karatasi zinalala ndani, na mfuniko umezidi boksi kidogo ili maji yadondokee nje. Urefu tuliupima kutoka kwenye ndoo ya lita 20 iliyofudikizwa, maana huko mtu hukalia alichonacho, na kati ya ndoo na meza tukaacha sentimita 28. Miguu ikaja sentimita 55, na hapo ndipo mchoro ulipokataa. Ya mbele ililala vizuri chini ya boksi, kushoto na kulia, ikipishana. Wa nyuma, ukiulaza kuelekea mbele unagota. Ukiulaza pembeni unatokeza nje. Nilichora kwa chaki sakafuni, ukubwa wake halisi, nikakata ufito wa msonobari nikawa nauzungusha hapo juu ya chaki huku mafundi wakiniruka kupita na mbao zao. Ulipata nafasi mahali pamoja tu: mshazari, kutoka katikati ya nyuma kuelekea pembe ya mbele. Bawaba ikabidi ikae upande. Mjomba aliichimbia kwa patasi huku akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kufunga bawaba isiyo na adabu namna ile.

Skrubu zote zilikuwa za shaba, kwa sababu za chuma zinashika kutu. Moja, kwenye ukingo wa mbele, niliacha kichwa chake kikitokeza, ili kidole kijue mbele ni wapi.

Vibati vya pembe alivitaka Kanali mwenyewe. Alikuwa ameviona kwenye makasha ya zamani ya maofisa wa Kiingereza: kabati la droo linagawanyika vipande viwili, vishikio vimezamishwa ndani ya mbao visikwame, pembe zimevikwa shaba zisivunjike mizigo ikitupwa huku na kule. Mjomba alivipenda. Mimi sikuvipenda. Majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia hapa Moshi kupigana na Wajerumani, Machi 1916, mizigo yao ilibebwa na wapagazi, na shaba inalinda kasha, haimlindi aliyelitwika. Nikavikata vidogo, nikavipiga tupa mpaka vikapoteza ncha. Hilo ndilo jibu ambalo mtoto alistahili kupewa, ila alikuwa na hesabu za kugawanya.

Ya majaribio ndiyo hiyo ninayokaa nayo nyumbani. Ya pili tuliipeleka Kibosho jioni moja ya masika, mvua imetoka kunyesha. Kanali hakutukaribisha sebuleni. Alituongoza nyuma ya nyumba, kihambani, mahali ambapo ardhi inateremka na majani ya migomba yanadondosha maji, kisha akamwita mkewe kwa sauti azime taa za nje. Zikazimika. Chini ya migomba, usiku, bila taa, hata mkono wako huuoni.

Kwa hiyo nilisikia tu. Mshikio ukigonga. Kimya, vidole vikipapasa mbao, nikajua anatafuta kile kichwa cha skrubu. Nilitamani kumwambia, "Kushoto kidogo, baba," nikajizuia. Alikipata, kwa sababu alisema "eeh", kama mtu aliyejibiwa. Tak, mguu wa kwanza. Tak, wa pili. Wa nyuma ukachelewa. Alikuwa akiuvuta moja kwa moja, na wenyewe ni wa mshazari. Pembeni yangu mjomba aliacha kupumua. Kanali alisita, akajaribu tena polepole, mkono ukaelewana na bawaba. Tak. Ndoo ikafudikizwa. Mfuniko ukafunguliwa, ukafungwa.

Kisha akaanza kuandika. Gizani. Hilo hatukulitegemea. Tulisimama tukisikiliza kalamu ikikwaruza, na matone ya migomba yakigonga mfuniko, mbu wakinimaliza miguu. Alipowasha tochi aliifunika kwa kiganja, mwanga ukapenya kati ya vidole. Dole gumba la kushoto lilikuwa ukingoni mwa karatasi. Kila alipomaliza mstari alikuwa akilishusha kwa upana wa ukucha. Majina. Yamepangana vizuri, isipokuwa mahali pamoja ambapo mawili yalikuwa yamepandana. Aliyatazama hayo mawili. Akayaandika upya, moja chini ya jingine, kwa herufi kubwa, akainua mfuniko, akaweka karatasi ndani, akafunga.

Mjomba akaona wakati ndio huu. "Sasa, afande, tuandae ngapi?"

"Ngapi za nini?"

"Za jeshi."

"Jeshi gani, fundi? Mimi nimestaafu. Hii ni yangu."

Taa zikawashwa, mama akaleta chai na ndizi, Kanali akalipa fedha yote taslimu palepale. Njiani kurudi, mjomba hakusema neno mpaka tulipofika lami.

Kwa nini mzee wa umri ule atake meza ya vitani kihambani kwake, nimeshajipa majibu kadhaa, na hakuna hata moja lililodumu. Lile linalokaribia zaidi ni la majina, nami nilikuwa nimeling'ang'ania, mpaka binti yake akaniambia kwamba baba anaitoa meza nje mchana kweupe na kuandikia hesabu za kahawa.

Mninga wa mkopo uligeuka vitanda na milango, deni likaisha mwaka uliofuata, na sehemu ya mshahara wangu imo humo. Kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani ilisikia habari za meza ya kukunja, ikaja. Yetu ilikuwa na kilo 13, na mlimani mpagazi anaruhusiwa mzigo wa kilo 20 tu. Nani ambebeshe mtu meza moja apande nayo Machame? Tukahamia kwenye alumini na plaiwudi. Tukarudi kwenye miguu minne, kwa sababu wageni wakila wanaegemea pembe zote. Zinauzika.

Skrubu ya ukingoni niliendelea kuiweka kwenye zote. Mteja mmoja akarudi kulalamika kwamba inamkwaruza koti. Mjomba akaing'oa mbele yake kwa koleo na kumpunguzia bei.