Kwaresima kwa Miguu

Mwaka huu sikuacha nyama wala soda, niliacha bodaboda. Tangu Jumatano ya Majivu, nikitoka kazini hapa Kigoma mjini nashika njia ya Kibirizi kwa miguu, rozari mfukoni, simu nimezima. Mwenzangu mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani aliniuliza kwa sauti ya chini kama mshahara umechelewa. Huku kwetu mtu mwenye kazi akionekana anatembea, watu huanza kumwonea huruma.

Nikiwa juu ya boda niliwaombea "maskini wote" kwa jumla jumla, sala ikaisha kabla ya safari. Kwa miguu haiwezekani. Salamu za Kigoma haziishii kwenye "mwakeye" ya Kiha. Utaulizwa za nyumbani, utaulizwa watoto, na wewe itabidi uulize. Ukishauliza, umeshajua, na ukishajua si rahisi tena kujifanya mpita njia. Katika mfano wa Msamaria mwema, Luka hasemi yule kuhani hakumwona majeruhi. Alimwona, akapita kando.

Ijumaa nilimkuta mama mmoja ufukweni anageuza dagaa aliowaanika mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo tena kwa miguu?"

Mikono haikusimama, viganja vinameremeta magamba, macho kwenye wingu lililotanda juu ya Ziwa Tanganyika. Masika ndiyo adui yake. Dagaa wakinyeshewa wanabadilika rangi na kunuka, mwisho wanauzwa chakula cha kuku. Wanaoanikwa kwenye chanja, kichanja cha kuinuliwa juu ya ardhi, hawaokoti mchanga na bei yao ni nzuri, ila chanja ni mbao, ni nyavu, ni fundi. Yeye hata beseni la dagaa wabichi amechukua kwa mkopo.

"Mvua ikinyesha, hasara yangu," akasema. "Mwenye mtumbwi namlipa vilevile."

Nikamsaidia kukusanya tulipoanza kusikia matone. Sina ufundi wowote, niliwavunja wengi, akacheka.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Siupingi uamuzi huo. Ziwa likiisha, sote tumekwisha. Lakini kwa mwanamke anayeishi kwa beseni moja moja, miezi mitatu ni mirefu kuliko kwa mwenye mtumbwi mwenye akiba. Siku nyingine mimi huzunguka hadi Ujiji, nikipita chini ya miembe, njia ambayo watumwa na wapagazi walipitishwa kwenda pwani. Wageni huja kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Ni nadra mtu kuuliza waliowabebea mizigo waliitwa nani.

Nabii Mika ametaja kutenda haki kwanza, ndipo kupenda rehema. Jumuiya yetu tumezoea kuanzia kwenye rehema: unga, sabuni, bahasha ya Kwaresima. Si vibaya, watu wanakula. Ila juzi nilipopendekeza sadaka ya mwaka huu itengeneze chanja, mwenyekiti akasema hiyo ni biashara. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye amekubali Jumamosi tushuke naye Kibirizi, kwa miguu, tumwulize mama mwenyewe kama anataka chanja, au anataka mwenye mtumbwi naye abebe sehemu ya hasara mvua ikinyesha. Mimi nadhani atachagua hilo la pili, na hapo ndipo kazi itakapokuwa ngumu, maana mwenye mtumbwi tunasali naye.