Usiku wa tambi nyeusi Dongdaemun

Hii ilikuwa Desemba 2017, mwaka wangu wa kwanza Korea, na kosa la kuachwa na treni ya mwisho halikuwa langu, nalisema mapema kabisa manake jamaa yangu wa Tanga akiisoma hii lazima abishe. Dada yake ana duka la nguo Kariakoo, akamwagiza amchungulizie bei za jumla pale Dongdaemun, Seoul. Sasa yale masoko ya jumla ukienda mchana mengi utakuta yamefungwa, yenyewe yanaamka usiku, wenye maduka wa mikoani wanakuja kufungasha usiku kucha ili asubuhi nguo ziwe zimeshatundikwa kwao. Kwa hiyo sisi tukatoka Ansan, tulikokuwa tunakaa, mida ya saa mbili usiku, tukapanda laini namba 4, zaidi ya saa nzima ndani ya treni, na Mtanga (tumwite hivyo) njia nzima ananiapia, "Saa tano tunageuza, Mchaga, wallahi saa tano."

Saa tano! Mtu wa Tanga mbele ya bei ya jumla! Saa tano yuko ghorofa ya tatu anashika kola za makoti, anauliza bei kwa Kikorea chake cha miezi mitano, akitajiwa anacheka kwa sauti kama vile katukanwa, anaondoka, anarudi. Tunakuja kushuka kwenye stesheni, treni za kufika Ansan zimekwisha, iliyobaki inaishia Sadang, na Sadang ni kama unaenda Moshi halafu basi linakuacha Korogwe. Teksi nayo ikishapita saa sita usiku kulikuwa na nyongeza ya asilimia 20, na ukitoka nje ya Seoul wanaongeza tena, tukapiga hesabu tukaona inakimbilia won elfu 40, yaani kama elfu 80 ya kwetu. Wanafunzi wa mwaka wa lugha. Tukaangaliana tu.

Nje nyuzi 10 chini ya sifuri. Mi nimezaliwa Moshi, baridi ya Julai kule nilikuwa naitolea maelezo kwa watu wa Dar kama komandoo, aisee nilikuwa sijui kitu. Pua inauma mpaka ndani. Lile jengo la maonyesho la DDP alilochora Zaha Hadid linawaka taa pale, liko kama chombo cha sayari nyingine kimetua kupumzika, na chini yake sisi wawili na mfuko wa sampuli tunatafuta mlango wowote wenye joto.

Tukakata kichochoro nyuma ya majengo ya soko, tukaona kioo kimejaa mvuke, taa nyekundu, na mlangoni yamepangwa yale masanduku ya bati ya kupelekea chakula, yana kifuniko cha kuvuta juu, wanaita cheolgabang. Hapo hata kama husomi Kikorea umeshajua ni mgahawa wa Kichina. Nasema wa Kichina lakini ni Kichina cha Korea, na hicho ni kitu kingine kabisa, nitakuja.

Ndani meza kama sita. Moja kalala dereva wa pikipiki na helmeti yake kaifanya mto. Nyingine wamekaa wanaume watatu na mafurushi ya nguo makubwa kuliko wao, wale wanaowanunulia mzigo wenye maduka ya mbali, sokoni pale wanaitwa samchon, yaani baba mdogo. Na mama anayehudumia humwiti kwa jina, unaita "imo!", mama mdogo upande wa mama. Hilo la Korea lilinikaa rohoni toka siku ya kwanza, taifa zima la simu za kisasa lakini ukitaka maji mgahawani lazima kwanza uunge undugu.

Afu kulikuwa na sauti. Pa! Kimya. Pa! Mzee mmoja jikoni, unamwona kupitia dirisha la kupitishia sahani, anapigiza donge la unga mezani, analivuta mikono miwili, analikunja, anavuta tena. Kila mkunjo nyuzi zinakuwa mara mbili, piga hesabu mwenyewe, mikunjo saba tu una nyuzi 128. Nilisimama nimeduwaa na koti langu bado limefungwa mpaka shingoni. Mama yangu akikanda unga wa chapati jikoni tulikuwa tunaambiwa tusisogee, na hii ingemfurahisha, au angesema yule mzee anachezea chakula, mojawapo.

Mi nilikuwa najua ninachokitaka. Jajangmyeon. Mwalimu wetu wa lugha alishatuhubiria kipindi kizima, kwamba ndo chakula cha siku ya kuhama nyumba, sufuria ziko kwenye maboksi kwa hiyo unapiga simu inaletwa. Kwamba tarehe 14 Aprili wasio na wapenzi wanakaa wanakula hiyo kwa uchungu, na kwamba wakubwa wa lugha walikuwa wanalazimisha iandikwe kwa herufi laini wakati nchi nzima inaitamka kwa nguvu, jjajang, mpaka mwaka 2011 wakasalimu amri wakaruhusu zote mbili. Nilipenda sana hiyo. Tambi zimewashinda wataalamu.

"Imo, jajangmyeon mbili," nikaagiza, na kifua mbele.

"Subiri kwanza," Mtanga akasema. Akamgeukia yule mama, akauliza taratibu kama hiyo ina nguruwe.

Mama akamwangalia kama kaulizwa kama bahari ina maji. Ina, tena vipande. Na ule uji mweusi wa soya, chunjang, wao wanaukaanga kwa mafuta ya nguruwe, ndo harufu yenyewe inakotoka. Basi, Mtanga akahamia jjamppong, ile ya supu nyekundu, kaona kwenye picha ukutani ngisi, kamba, kome, macho yakawaka, mtoto wa pwani karudi nyumbani. Mama akatikisa kichwa. Supu imechemshwa na mifupa. Ya nani? Ya yuleyule. Tangsuyuk je? Nguruwe wa kukaanga. Mandu? Ndani yuko yeye. Wali wa kukaanga? Mafuta yaleyale. Menyu nzima ilikuwa inakoroma.

Na hapa nikiri, mi nilicheka. Kwa Mchaga kitimoto si swali. Nikamwambia, "Kula bana, usiku huu hata malaika wamelala." Hakunijibu. Alikunja menyu akaiweka mezani vizuri kabisa, kona kwa kona, akaagiza maji ya moto, akatia mikono mfukoni. Ndo nikakumbuka kwamba toka saa sita mchana hajala kitu huyu, na kwamba yule mama angeweza kabisa kunyamaza. Supu ni nyekundu, nani angeona mfupa? Sehemu nyingine ukiuliza wanakwambia hamna nyama, afu unakuta vipande vidogovidogo, ukirudi kulalamika wanakushangaa, manake kwao nyama ni ile ya kukata kwa mkasi mezani.

Mama akawa amesimama tu pale na kikaratasi chake cha oda. Akamuuliza Mtanga kama ni Muislamu. Ndio. Akajipiga paji la uso, akatamka neno ambalo halikuwa la Kikorea, hui, hui, afu akageukia dirisha la jikoni akaanza kuongea na yule mzee kwa Kichina, haraka, kama wanagombana. Mtanga baadaye ndo akanieleza kwamba Hui ni Waislamu wa China, wako mamilioni, na tambi zao za kuvuta kwa mkono zinajulikana China nzima. Mi hata sikuwahi kusikia.

Mzee akaacha unga. Akashusha karai jingine lililokuwa limening'inia ukutani, akalisugua kwa brashi na maji ya moto, akamwaga, akasugua tena. Akafungua chupa mpya ya mafuta ya soya, na aliifungua ameielekeza kwetu, kama anamwonyesha mnunuzi. Mayai manne. Nyanya. Kitunguu cha majani. Mtanga kaenda kusimama pale dirishani kabisa, mikono nyuma, mkaguzi.

Yangu ilikuja kwanza. Jamani jajang mara ya kwanza ukiiona utadhani wamekumwagia lami. Nyeusi tii, inang'aa, chini yake tambi nyeupe, inabidi uvuruge haraka kwa vijiti kabla hazijashikana, na pembeni wanakuwekea figili ya njano na vitunguu vibichi na chunjang mbichi ya kuchovyea, unavimwagia siki. Ladha ni tamu tamu, chumvi kwa mbali, mafuta, vitunguu vimeiva mpaka vimelegea. Nilikula kama nakimbizwa. Ilinirukia kwenye skafu, mdomoni, mpaka kidevuni, na wale baba wadogo watatu wakawa wanatabasamu chini chini.

Mtanga akaletewa bakuli lake. Tambi zilezile za mzee, juu mayai na nyanya, mchuzi mwepesi wa rangi ya machungwa, mvuke unapanda. Hicho kitu hakikuwa ukutani wala kwenye menyu. Akasema bismillah, akainama, na sikusikia sauti yake tena dakika kumi. Nikanyoosha vijiti vyangu nionje, akalivuta bakuli.

"Kula mdudu wako."

Nikaomba tena. Akanipa nyanya moja. Moja! Na ndo ilikuwa nzuri hivyo, naandika hii na bado naidai.

Kulipotulia mama akaja kukaa meza ya jirani na beseni la vitunguu saumu, anamenya huku anatuuliza habari. Nikamuuliza hicho chakula kinaitwaje, akasema ndo wanachokula wao wenyewe usiku wakifunga hesabu. Na jajang? Akacheka, jajang ni ya wateja. Babu yake alitoka Shandong, jimbo la China, akashukia Incheon, ile bandari ilifunguliwa 1883 na watu wa Shandong walijaa pale kubeba mizigo na kupika, wakaja na tambi zao za mchuzi wa soya, za kahawia, za chumvi. Baada ya vita ya Korea unga wa msaada kutoka Marekani ukajaa, ukawa rahisi, mchuzi nao walishautia karameli ukawa mweusi na mtamu, na leo Mchina akitoka China ukimpa hii anauliza ni nini. Mkorea naye anakwambia twende tukale Kichina. Nikawaza chapati zetu, mpe Mhindi chapati ya kwetu na maharage ya nazi uone atakavyokuangalia.

Nikamwambia kwa hiyo we ni Mkorea. Nilikuwa namsifia, nilidhani. Kikorea chake kilikuwa kama cha mwalimu wetu, tena kitamu zaidi.

Akaendelea kumenya. Akasema, "Mwanafunzi, kadi yako, baada ya kistari, namba ya kwanza ni 5, sio?"

Nikatoa kadi yangu ya wageni. Tarehe ya kuzaliwa, kistari, 5. Mtanga akatoa yake, 5. Wanaume wageni wote wa umri wetu ni 5, Wakorea wao zao zinaanza na 1 mpaka 4.

"Yangu 6," akasema. "Mwanamke." Kazaliwa Incheon, baba yake kazaliwa Incheon. Pasipoti yake ya Taiwan, na Shandong hajawahi kufika, na Shandong yenyewe haiko Taiwan. Ukaazi wa kudumu watu wa aina yake wameanza kuupata mwaka 2002, kabla ya hapo walikuwa wanakwenda kuongeza muda wa viza kama sisi. Alisema hivyo kama mtu anavyokwambia bei ya vitunguu imepanda, hakuwa na uchungu wa kutuonyesha, au alikuwa nao akaona sisi ni watoto. Mi sikujua niseme nini kwa hiyo nikasema "aigo", ndo neno pekee la huzuni nililokuwa nalo. Akacheka sana. Mtanga akavuta beseni upande wake akaanza kumsaidia kumenya, na mi nikaona aibu, nikachukua kimoja.

Tumemenya mpaka karibu saa kumi na moja. Vidole vyangu vilinuka wiki nzima. Dereva wa pikipiki aliamka mara nne akapeleka masanduku sokoni akarudi akalala, ya mwisho alirudi na theluji kwenye mabega.

Kulipa, mama akaandika jajangmyeon mbili, elfu tano tano. Mtanga akaweka noti ya ziada juu ya kaunta, akarudishiwa. Akaiweka tena. Mama akamwita mzee, mzee akatoka na unga mpaka kwenye nyusi, akaichukua ile noti, akaja akaitumbukiza mfuko wa koti la Mtanga, akaufunga na zipu, akarudi jikoni bila kusema neno. Pa!

Nje wenye maduka walikuwa wanaburuta mizigo kwenye mabasi, soko linafunga, sisi ndo kwanza tunaelekea nyumbani. Kwenye ngazi za stesheni nikamwomba Mtanga anibebee mfuko kidogo, mikono imeganda.

"Beba tu," akasema, "na ukae behewa lingine, unanuka mdudu."