Kanga Kwenye Kuta za Maktaba

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 baadhi ya vyuo vyetu vimekuwa vikiiadhimisha kwa hotuba, mashairi na maonyesho. Ugumu wake ni kwamba tarehe hiyo huwakuta wanafunzi wa vyuo vikuu wakiwa katika mitihani ya mwisho wa muhula, wakati viti vya maktaba vimejaa tangu asubuhi na hakuna anayetaka kusikia ngoma ikipigwa dirishani. Kwa hiyo mkutubi wa chuo kikuu kimoja hapa Moshi aliponipigia simu mwishoni mwa mwezi Mei, akiniomba mimi mwalimu wa Kiswahili wa sekondari nimsaidie kuandaa maonyesho, alinipa sharti moja tu: kiwe kitu cha kutazamwa kwa ukimya. Nilimwambia tutundike kanga.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mahali pa kanga si makumbusho. Swali lake lilikuwa la haki, nami nilichukua siku mbili kulifikiria kabla ya kumjibu. Kanga ina sehemu tatu ambazo kila mwanamke anazijua hata kama hakuwahi kuzitaja kwa majina: pindo, yaani mpaka unaozunguka kitambaa chote, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo iliyonipa jibu. Nguo inayosomwa ni andiko, ina mtunzi hata kama jina lake halikuandikwa, ina mchapaji, ina msomaji aliyekusudiwa, na kuna nyakati ambapo huyo aliyekusudiwa ni jirani mmoja tu anayeishi mlango wa pili. Maandiko ya Kiswahili yanayosomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote yanapita barabarani kila siku yakiwa yamefungwa viunoni, na maktaba zetu hazina hata nakala moja kwenye rafu. Nilipomweleza hivyo, mkutubi alikubali.

Nilikubali kazi hiyo nami nikiwa na sharti langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika maktaba nyingine ambayo sitaitaja, nilishiriki kuandaa maonyesho ya picha za zamani za mashamba ya kahawa, nikazunguka vijijini kuwaomba wazee picha zao, nikaandika maelezo ya kila picha kwa mkono wangu. Wiki mbili baada ya kufungwa nilirudi kutafuta maelezo hayo, nikaambiwa yalitupwa pamoja na karatasi nyingine wakati ukumbi ulipokuwa ukisafishwa. Hapakuwa na orodha ya picha zilizotundikwa, hapakuwa na jina la mzee hata mmoja aliyetoa picha yake, na leo mtu akiuliza kama maonyesho yale yalifanyika, ushahidi ni kumbukumbu zetu sisi tuliokuwepo. Lilikuwa jambo chungu kwangu, kwa sababu lilitokea mahali ambapo kazi yake hasa ni kutunza. Sharti langu likawa kwamba kila kanga itakayoingia iandikwe katika daftari, kwa jina la mwenye kanga, maneno yake, rangi zake, vipimo vyake, mahali ilikopatikana na hadithi yake, na kwamba daftari hilo libaki maktabani baada ya kanga kurudi kwa wenyewe.

Kuzikusanya kulituchukua mwezi mzima wa Juni. Mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa soko la Mbuyuni, ambako kanga mpya zinapatikana kwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, kila kimoja kikiwa na upana wa kama sentimita 150 na urefu wa kama 110. Lakini kanga mpya zilikuwa za kujazia tu. Tulizozitaka ni zile zilizo chini kabisa ya sanduku, na hizo hazinunuliwi, zinaombwa.

Mama mmoja wa Uru alitupokea jikoni kwake. Baada ya shikamoo na chai, alitoa kanga yenye maneno NANI KAMA MAMA, rangi ya chungwa iliyokwisha kufifia, akasema alifunikwa nayo na mama mkwe wake siku alipotoka hospitali na mtoto wake wa kwanza. Wasomaji wa hapa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa uzazi ni nini katika nyumba ya Kichaga, jinsi mzazi anavyotunzwa ndani kwa takriban miezi mitatu akinyweshwa mtori na kitawa, asiguse jembe wala ndoo ya maji. Kanga ile ilikaa naye muda wote huo. Nilimwuliza mwaka, akasema hakumbuki mwaka, ila mtoto huyo alikuwa ameanza kutambaa siku redio ilipotangaza kifo cha Mwalimu. Tukaandika katika daftari: mapema mwaka 1999. Hivyo ndivyo kanga nyingi zilivyopata tarehe, kwa sababu kitambaa chenyewe mara nyingi hakina mwaka. Kinachosaidia kidogo ni jina la kiwanda likiwa bado linasomeka pembeni, kwa mfano Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, au Kiltex, ambacho wazee wa Arusha bado wanakizungumzia.

Kuhusu kutundika, nilidhani ni suala la ngazi na misumari. Mkutubi alinifundisha. Pini za chuma haziruhusiwi kwa sababu unyevu huzitia kutu na doa la kutu katika pamba halitoki. Badala yake tulishona mkanda wa kitambaa chepesi upande wa juu wa kila kanga, kwa mishono mirefu inayoweza kufumuliwa bila kuacha alama, tukapitisha ufito wa mbao ndani yake, na uzito wa kanga ukagawanyika sawasawa. Jambo la pili ni mwanga. Rangi ya nguo huliwa na mwanga, na madhara hayo hujilimbikiza wala hayarudi nyuma. Kanga iliyofifia haiwezi kupumzishwa gizani ikarudi kuwa nyekundu. Wahifadhi wa makumbusho hushauri nguo na karatasi zisipate zaidi ya kipimo cha laksi 50, ambacho kwa jicho la kawaida ni chumba chenye kiza kidogo. Ukumbi wa kuingilia wa maktaba ile una madirisha makubwa yanayotazama mashariki, na asubuhi ya Julai, mawingu yakifunguka mlimani, jua huingia moja kwa moja hadi kwenye meza ya mapokezi. Tulihamisha kila kitu hadi kwenye ukuta wa ndani, karibu na rafu za magazeti, tukapoteza nafasi nzuri ya kuonekana na wapita njia. Kwangu ilikuwa hasara iliyostahili, kwa kuwa kanga zile hazikuwa zetu.

Sasa nifike kwenye maelezo, ambayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Kila kanga ilihitaji karatasi ndogo pembeni yake, na nilianza kwa ujasiri wa mwalimu nikiandika maana ya kila jina. Nilipofika kwenye MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE niliandika kwamba ni onyo dhidi ya kumtuhumu mtu bila uhakika. Mwenye kanga, mama wa Pasua aliyeinunua akiwa msichana, aliisoma karatasi yangu akatikisa kichwa. Yeye aliinunua kumjibu mwanamke aliyejigamba kwamba ndiye mchumba wa kijana fulani. Maneno ni yale yale, lakini mwanamke yule aliyapokea kama kofi. Rafiki yake aliyefuatana naye akasema kwamba huko kwao Tanga kanga hiyo hiyo alizawadiwa na shangazi yake siku aliposhinda mtihani ambao walimu walidhani angeufeli. Basi nilichana karatasi yangu na kuandika upya, nikaweka matumizi yote matatu pamoja na majina ya walioyasimulia, bila kuhukumu ipi ndiyo maana halisi. Nilifanya vivyo hivyo kwa zote, na tangu hapo nafundisha methali darasani kwa njia tofauti, nikianza na nani alimwambia nani kabla ya kuuliza maana.

Historia ya kanga tuliiweka kwenye bango moja tu. Tulieleza ilivyoanza katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walipounganisha vitambaa vya leso kupata nguo moja pana. Jinsi jina lake linavyohusishwa na yule ndege mwenye madoadoa. Jinsi Kaderdina Hajee Essak alivyoanza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa maneno Mali ya Abdulla. Na jinsi majina ya kanga yalivyoandikwa kwanza kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kirumi kuenea. Wengi walisimama muda mrefu kwenye hilo la herufi. Hawakuwa wamefikiri kwamba bibi wa bibi zao wa pwani walikuwa wasomaji.

Chini ya kila karatasi ya maelezo tuliandika namba za rafu ambako msomaji angepata vitabu vinavyohusika, na hapo ndipo swali gumu lilipojitokeza. Katika mfumo wa Dewey, unaotumika katika maktaba nyingi duniani, mavazi na desturi zake yako 391, methali ziko 398.9, na sanaa za nguo ziko 746. Kanga ni ya wapi? Mkutubi na wasaidizi wake walibishana kwa siku tatu. Msaidizi mmoja kijana alisema iwekwe kwenye mavazi kwa kuwa inavaliwa. Mwingine alisema hiyo ni sawa na kukiweka kitabu cha mashairi kwenye rafu ya karatasi kwa kuwa kimechapwa juu ya karatasi. Mimi nilikuwa upande wa methali, na bado niko huko, ingawa nakiri kwamba kanga nyingi hazibebi methali. Zinabeba dua, salamu, majibu ya ugomvi, pengine tangazo la chama. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU si methali iliyorithiwa, lakini ni nani asiyeijua?

Wanafunzi walikuja kidogo kidogo, kwanza wale waliotaka kunyoosha migongo baada ya saa nyingi za kusoma, kisha wenzao waliowafuata. Niliketi pembeni alasiri kadhaa nikiwatazama, na kitu nilichokuwa nakisubiri kilitokea siku ya tatu. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alisoma maelezo ya JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, akanakili namba ya rafu kwenye kiganja chake, akaondoka. Baada ya dakika kumi alirudi na kitabu cha methali, akaketi sakafuni chini ya kanga ile, akaanza kulinganisha. Hakuwa na mtihani wa somo hilo. Alikuwa anasoma uhasibu. Naamini kabisa kwamba kwa safari ile fupi kutoka ukutani hadi rafuni maonyesho yalikwisha kulipa gharama yake, na ndiyo ninayoitafuta ninapoingia katika maonyesho ya maktaba yoyote. Nimewahi kuona maktaba iliyotundika picha nzuri za Tingatinga kandokando ya ngazi, chui na ndege wa rangi kali, bila neno hata moja. Mwanafunzi anapanda ngazi zile miaka mitatu na kuhitimu bila kujua kwamba mtindo huo umebeba jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za kujengea, na aliyeuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 akidhaniwa ni mhalifu. Ukuta wa hoteli unaweza kunyamaza, lakini maktaba haina udhuru huo.

Palikuwa pia na jioni ya mashairi siku ya kilele, nje kwenye bustani ili wasomaji wasisumbuliwe, na ilikwenda vizuri.

Maonyesho yalifungwa baada ya wiki mbili. Kila mama alirudishiwa kanga yake ikiwa imekunjwa na karatasi nyeupe katikati ya mikunjo ili kitambaa kisikatike, akaweka sahihi au dole gumba katika daftari. Mama wa Uru alikuja na binti yake, yule aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye sasa ni mfamasia. Nilimfungulia daftari katika ukurasa wao, akausoma kwa sauti ya chini mbele ya mama yake hadi mwisho, mpaka kwenye mtori na tangazo la redio. Kisha akamwuliza mkutubi kama maktaba ingependa kubaki na kanga yenyewe. Mama yake alikataa papo hapo, akaiweka begani. Alisema ataileta mwenyewe siku binti atakapokuwa ametoka uzazini, na tuache nafasi katika ukurasa ule.

Nafasi tumeiacha, nusu ukurasa. Daftari liko kwenye kabati la makusanyo maalumu, na juu ya jalada lake mkutubi ameandika kwa penseli 398.9, akisema penseli inafutika iwapo kuna atakayemshawishi vinginevyo.